Mcheza Kwao Hutuzwa: Shabiki wa Taarabu ni Mhakiki Asiyesikilizwa

Katika karatasi nyingi za mtihani wa ushairi, swali huwa ni lile lile. Mwanafunzi hupewa shairi, akatakiwa kutaja bahari yake, kuhesabu mizani, kubainisha vina vya ukwapi na vya utao, kisha kueleza jinsi mshairi alivyoutumia uhuru wake. Akijibu vyema, hupewa alama zake na kuhesabiwa kuwa anaujua ushairi. Hakuna anayemwuliza shairi hilo liliimbwa wapi, usiku gani, ni nani aliyeinuka kitini ulipofika ubeti wa tatu, na kwa nini aliinuka hapo wala hakuinuka mapema zaidi. Maswali hayo huhesabiwa kuwa ni ya wapenda starehe na wala si ya wanataaluma.

Makala haya yanashikilia kinyume cha mtazamo huo. Kwa sehemu kubwa ya ushairi wa pwani ya Kenya, mtu aliyeujua utungo kwa undani zaidi baada ya mtunzi mwenyewe ni shabiki aliyekesha akiusikiliza ukiimbwa. Idara za Kiswahili zimemwacha shabiki huyo nje ya mlango, na sasa anazeeka. Akiondoka, ataondoka na nusu ya somo.

Mchukue, kwa mfano, shabiki wa marehemu Juma Bhalo katika mji wa Malindi, miaka ya 1980. Hapewi jina hapa kwa sababu yeye si mtu mmoja. Walikuwa wengi, na baadhi yao wangali hai. Bhalo alikuwa mwana wa Malindi kwa kuzaliwa, ingawa jina lake lilivumia Mombasa. Alipoalikwa kuimba Malindi, shabiki huyu alitoka kwake baada ya sala ya isha, kanzu imepigwa pasi, akaenda kwa miguu hadi mtaa wenye harusi. Uimbaji ulipokuwa Mombasa, safari ilikuwa ya kilomita 120 hivi, tena kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991 ilimlazimu avuke maji ya Kilifi kwa feri. Mtu hafungi safari kama hiyo ili akahesabu mizani. Wala hafungi safari hiyo kwa ajili ya sauti peke yake, kwani sauti alikuwa nayo nyumbani, katika kanda. Alikwenda kwa kuwa lilikuwapo jambo ambalo kanda haikuweza kumpa.

Jambo hilo lilikuwa nini? Ni vyema kuutazama usiku wenyewe. Kipande cha barabara kimefungwa, turubai limetandwa, viti vimepangwa safu kwa safu na taa zimetundikwa. Wapigaji wameketi na ala zao: kinanda, tabla, gitaa, na tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vitufe iliyotoka Ujapani na kufanywa ya Waswahili. Mwimbaji hausomi ubeti kama usomwavyo darasani. Huushika mshororo, akaukata katikati, akakirudia kipande cha kwanza mara mbili, akaziachia ala nafasi zijibu, ndipo akakitoa kipande cha pili. Msikilizaji aliye makini hukaa akikingojea hicho kipande cha pili kama mtu anayengojea jibu la barua. Neno la mwisho likidondoka, na kina kikatua mahali pake, ukumbi mzima huguna kwa pamoja.

Kisha huja kutuza. Shabiki wa mfano wetu hatuzi ubeti wa kwanza, kwa kuwa ubeti wa kwanza ni hodi tu. Ameshika noti mkononi, ameketi. Mwingine anainuka mapema, na wajuzi wanatazamana. Wanajua kuwa huyo ametuza sauti, maana bado hajayafikia maneno. Shabiki wetu anangoja hadi ufike ubeti unaomgusa yeye au unaomgusa mtu aliyeketi safu mbili mbele yake. Hapo anainuka taratibu, noti ameinua juu, anatembea kwa mwendo wa mdundo, anapita makusudi karibu na yule anayemkusudia, kisha anaiweka noti mkononi mwa mwimbaji. Mwimbaji akiona hivyo huurudia ubeti. Akiinuka mwingine kutoka upande wa pili na kuutuza ubeti ule ule, huenda anajibu, kana kwamba anasema kuwa maneno haya yanakuhusu wewe zaidi kuliko mimi. Ubeti uliochapishwa mara moja kitabuni unaweza kuimbwa mara nne usiku mmoja, na kila mara ukabeba maana nyingine.

Ni mwanafunzi gani wa fasihi asiyeona kwamba huu ni uhakiki? Shabiki amechagua sehemu ya utungo iliyo na uzito. Ameifasiri kwa kuihusisha na muktadha. Ameutetea ufafanuzi wake mbele ya hadhara ya watu wanaoweza kumpinga, na ameugharimia kwa fedha zake mwenyewe. Msomi akiandika kwamba ubeti fulani ndio kiini cha shairi, kosa lake haligharimu kitu. Shabiki akikosea kutuza, mtaa mzima utalizungumza jambo hilo hadi Ijumaa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya fitina za mitaani, na kwamba ushairi wenyewe uko kitabuni. Hoja hii inafaa kujibiwa kwa kukitaja kitabu ambacho wasomaji wengi wa jarida hili wanakijua. Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, ilitoka mwaka 1971, nayo imesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi. Ahmad Nassir na Juma Bhalo walikuwa binamu, na tungo nyingi alizoziimba Bhalo zilitoka katika kalamu ya huyo binamu yake. Hivyo basi mshairi anayefundishwa katika vyuo vikuu kama kielelezo cha arudhi ndiye aliyekuwa akiwatungia watu wa harusini. Mwanafunzi anakutana naye katika hali ya ukimya wa maktaba, ilhali shabiki wa Malindi alikutana naye akiwa ndani ya sauti, ndani ya umati, na katika shughuli ya watu. Wote wawili wamemsoma Ahmad Nassir, ila ni mmoja tu aliyepewa shahada.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mashabiki walimpa Bhalo cheo cha Profesa. Hakukuwa na baraza la chuo lililoketi kukijadili cheo hicho. Wapo wanaokichukulia kuwa mzaha, lakini kina mantiki yake. Watu walimwona mtu anayelijua neno, anayelifikisha, na anayewafanya wengine wafikiri. Kama hiyo si kazi ya profesa, basi idara zetu zina wajibu wa kueleza kazi ya profesa ni ipi.

Pingamizi la pili ni la muziki wenyewe. Inajulikana kuwa Bhalo aliimba nyimbo nyingi kwa tuni za filamu za Kihindi, na kwa sababu hiyo baadhi ya wasomi wameziona nyimbo hizo kuwa za kuazima, zisizostahili nafasi katika utafiti wa fasihi ya Mswahili. Hoja hii ina udhaifu. Kwanza, taarabu yote imepokea kutoka ng'ambo na haikupungukiwa kwa kupokea. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayekumbukwa kwa kuuleta muziki huu kutoka Misri, na Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili. Hakuna anayedai leo kwamba Siti hakuwa wa kwetu. Pili, tuni ya kuazima ni mtihani mgumu kwa mtunzi. Wimbo, kwa maana yake ya bahari ya ushairi, aghalabu huwa na mishororo mitatu katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 12. Shairi la kawaida lina mishororo minne yenye mizani 16. Tuni ya filamu ina urefu wake na vituo vyake ambavyo havikuundwa kwa ajili ya mizani hizo. Mtunzi na mwimbaji walipaswa kuvioanisha viwili hivyo bila kuvunja kina na bila kuiharibu tuni ambayo wasikilizaji walikuwa wameshaizoea katika sinema. Shabiki aliyezijua tuni zote mbili, ile ya filamu na hii ya harusini, aliusikia ufundi huo mara moja. Mwanafunzi anayehesabu mizani kwa ncha ya kalamu huona jibu, asione hesabu iliyolizaa.

Si lazima mfano utoke pwani peke yake. Mwaka 1976, jijini London, kijana mmoja karani wa benki aitwaye Mark Perry alivutiwa na bendi ya Ramones ya Marekani, iliyopiga muziki wa panki, yaani roki ya kasi, yenye kelele na maneno makali, ambayo wakubwa wengi wa siku hizo waliiona kuwa upuuzi wa vijana. Perry hakuwa mwandishi wala msomi. Aliandika kwa taipureta na kwa mkono mambo aliyoyaona na kuyasikia katika maonyesho, akayatoa nakala kwa mashine, akayauza kwa bei ndogo. Jarida hilo aliliita Sniffin' Glue, na halikuuona mwaka 1978. Hata hivyo, wasomi wa leo wanaotaka kujua hali ya kumbi zile ilivyokuwa, ni nani aliyesimama mbele na ni kipi kilichomkera msikilizaji, huyarudia maandishi kama hayo ya mashabiki. Panki ina jarida lake la kitaaluma na ina maprofesa wake. Chanzo cha elimu hiyo ni shabiki aliyerudi nyumbani usiku, masikio yakimvuma, akaketi kuandika kabla hajasahau.

Shabiki wa Malindi naye alirudi nyumbani karibu na alfajiri, akiwa na mengi kichwani. Tofauti ni kwamba yeye hakuandika, na waliokuwa na kalamu hawakumwendea. Kanda zilihifadhiwa kwa kiasi fulani. Wafanyabiashara wa Mombasa waliokuwa na lebo kama Mzuri, na maduka kama Mbwana Radio Service, waliitendea fasihi ya Kiswahili hisani ambayo bado haijashukuriwa ipasavyo. Watafiti nao wamejitahidi. Mwenda Ntarangwi aliandika mwaka 2003 juu ya jinsia, utambulisho na utendaji katika nyimbo za Waswahili, na Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002, alionyesha kwa mifano ya Tanga jinsi kitendo cha kutuza kinavyoweza kubeba ujumbe mzito. Yasikitisha kwamba vitabu hivyo viwili vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali shabiki mwenyewe alikuwa akifikiri kwa Kiswahili usiku kucha.

Huenda mtu akadhani kwamba siku hizi tatizo limekwisha, kwani kila kijana ana simu yenye kamera. Ukweli ni kwamba simu zimeongeza picha bila kuongeza maelezo. Kamera huelekezwa jukwaani. Mtuzaji huonekana mgongo tu, anapita na kutoweka. Anayeitazama picha hiyo miaka 20 baadaye atamwona mwimbaji vizuri sana, lakini hatajua kwa nini ukumbi ulipiga kelele ghafla.

Tena uhusiano huu wa mtendaji na hadhira haukuanza na taarabu katika eneo hili. Mwaka 1913, katika nchi ya Wagiriama, Mekatilili wa Menza alitumia ngoma ya kifudu kuwakusanya watu, na walipokusanyika aliwaambia wasikubali amri na kodi za serikali ya kikoloni. Serikali haikuipuuza hadhira hiyo ya ngoma. Mwaka huo huo Mekatilili alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali hadi Kisii. Afisa wa kikoloni alielewa kwamba watu waliokusanyika kutazama ngoma wanaweza kurudi makwao wakiwa watu wengine. Ni aibu iwapo mwanafunzi wa fasihi, zaidi ya miaka 100 baadaye, ataendelea kuichukulia hadhira kuwa pambo la utendaji.

Jambo hili lina haraka. Juma Bhalo, ambaye aliacha kuimba miaka kadhaa kabla ya kufa, alifariki dunia mwaka 2014. Zein l'Abdin, fundi wa udi kutoka Lamu, alifariki mwaka 2016. Mwaka 2017 alifuata Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi ambaye tungo zake Zein aliziimba, na ambaye aliipa lugha hii neno runinga. Vifo vya watu hawa viliandikwa magazetini, na vilistahili kuandikwa. Shabiki akifa haandikwi. Wale waliokuwa na umri wa miaka 30 mwaka 1980 sasa wako katika miaka ya sabini. Kila msiba unaotokea Malindi, Mambrui, Takaungu au Kilifi unaweza kuwa umeondoa ufafanuzi wa nyimbo ambazo sisi tunabaki kuzibahatisha kwa nadharia.

Kazi hii, hata hivyo, ina miiba, na yafaa isemwe wazi. Nyimbo nyingi zilitungwa kwa ajili ya visa vya kweli: ndoa zilizovunjika, madeni, jirani aliyemsema jirani. Mtu aliyekusudiwa na kijembe mwaka 1985 huenda bado anaishi nyumba ile ile, na wajukuu wake wanasoma katika vyuo hivi hivi. Mtafiti atakayechapisha kwamba ubeti fulani ulimlenga fulani atakuwa ameurudia usiku ule bila ya idhini ya mtu na bila ya turubai la harusi la kumsitiri. Inawezekana kabisa kuandika kwamba ubeti ulituzwa na upande wa aliyeachwa, ukajibiwa na upande wa aliyeacha, bila kumtaja mtu. Fumbo lililotungwa ili kuwasitiri watu lisije likafumbuliwa na mtafiti ili wapate kuaibika. Vilevile wapo mashabiki ambao, kwa sababu za dini, hawapendi tena kuzungumzia muziki. Hao wana haki ya kunyamaza, na mtafiti mwenye adabu atawaaga kwa heshima.

Zaidi ya hayo, hadhira ya pwani haikuwa moja. Harusini wanawake walikuwa na mahali pao na nyakati zao, na waimbaji kama Zuhura Swaleh na Malika walipendwa sana huko. Yaliyotuzwa upande wa wanawake, na namna yalivyotuzwa, mtafiti wa kiume hawezi kuyapata kwa urahisi. Vyama vya Kiswahili vina wanachama wengi wa kike, tena baadhi yao ni wajukuu wa mashabiki hao hao. Bibi ambaye hatamweleza mgeni aliyekuja na dodoso anaweza kumweleza mjukuu wake wakichambua mchele.

Kinachohitajika si mradi mkubwa wa kungojea wafadhili. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi kwenyewe, katikati ya watu wanaozungumziwa hapa. Jijini Mombasa iko taasisi ya utafiti wa Uswahili iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwanafunzi mmoja akikaa na shabiki mmoja, akamwuliza juu ya wimbo mmoja na usiku mmoja, atapata kurasa tatu au nne za Kiswahili safi. Na aulize mambo ya wazi: uliketi wapi, ubeti gani ulirudiwa, nani aliinuka, wewe ulielewaje, na wenzako walielewaje njiani mkirudi? Chama kikikusanya mahojiano 30 ya namna hiyo kwa mwaka, baada ya miaka mitano kitakuwa na mahojiano 150, na majarida ya vyama vya wanafunzi ndiyo mahali pafaapo pa kuyachapisha, kama vile Perry alivyochapisha yake bila kungoja ruhusa ya mtu.

Wahadhiri nao wana sehemu yao. Swali moja tu la mtihani lingeweza kubadilisha mambo: mwanafunzi apewe ubeti, na pamoja nao apewe maelezo ya shabiki kuhusu usiku ulipoimbwa, kisha atakiwe kueleza ni kipi katika lugha ya ubeti huo kilichomwinua mtu kitini. Mizani na vina havitapotea katika swali la aina hiyo. Mwanafunzi atalazimika kuvirudia, ila safari hii atajua vilikuwapo kwa kazi gani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Juma Bhalo alicheza kwao, na watu wa kwao walimtuza, noti kwa noti, usiku baada ya usiku, wakiujua ubeti waliokuwa wakiutuza. Deni lililobaki ni la vyuo. Huko Malindi yuko mzee ambaye jioni hii ameketi barazani, na ukimtajia wimbo atakuambia ni ubeti gani uliorudiwa mara nne na ni kwa nini. Anayetaka kumwuliza na aende mapema.